Kutu Kwenye Kola Nyeupe

Bi Sabuni hakusubiri kuiona kutu, aliinusa. Aliingia chumba cha kushonea asubuhi, hata taa hajawasha, pua ikakunjika yenyewe. Harufu ile aliijua vizuri: harufu ya sarafu iliyokaa muda mrefu kwenye kiganja, imechanganyika na harufu ya nguo iliyokauka nusu. Mate yakamjaa mdomoni. Akawasha taa, akaifunua cherehani ya kwanza, akainama, na palepale akamwona adui yake. Mstari mwembamba wa kahawia ulikuwa umeteremka na sindano mpaka tunduni, kama kamasi la mtoto mwenye mafua.

"Ptuu!" akasema, ingawa hakutema. Ateme mate ndani ya chumba chake mwenyewe? Heri ayameze.

Jina la Bi Sabuni alipewa na majirani, na hawakumpa kwa kumsifu. Mwanamke huyu aliweza kukuona kinyaa huku anakukaribisha. Ukikaa kwenye kiti chake, ukiinuka tu kiti kinafutwa, tena wewe hujafika hata mlangoni. Ukimpa mkono alikugusa kwa ncha za vidole, upesi upesi, kama anayejaribu pasi kama imepata moto. Unywele mmoja sakafuni ulimkosesha raha siku nzima. Watu walimcheka, lakini nguo zao walimpelekea yeye, maana fundi anayeogopa uchafu hakurudishii shati lako likinuka vitunguu.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya nyumba. Kilikuwa na mlango mmoja unaotokea sebuleni na madirisha mawili yanayotazama uchochoro, na katika uchochoro ule ulipita mtaro. Maji ya mtaro yalikuwa ya kijivu, mazito, yenye povu la njano pembeni. Siku moja Bi Sabuni alimwona panya aliyekufa akielea humo, tumbo limevimba, anazunguka polepole bila haraka yoyote. Alifunga madirisha siku hiyohiyo na hakuyafungua tena. Nyufa za mbao alizijaza vipande vya vitambaa vilivyobaki kwenye ushonaji, akavisukuma kwa ncha ya mkasi, mpaka hata nzi akitaka kuingia ilibidi apitie sebuleni, aonekane.

Na humo ndani usafi ulikuwa usafi kwelikweli. Kila jioni alileta ndoo ya maji ya moto yenye sabuni, akayamwaga sakafuni bila uchoyo, akasugua, akayaacha yakauke yenyewe, kwa sababu tambara la kukaushia nalo lina uchafu wake. Cherehani zote alizifuta kwa kitambaa kibichi. Kisha akazifunika kwa nailoni nene, moja moja, toka kichwani hadi miguuni, akazifunga kwa kamba. Vitambaa alivyofua alivitundika humohumo kwenye kamba iliyokatiza chumba, maana nje kuna moshi na kuna ndege, na ndege hawana adabu. Mchana kutwa pasi ya mvuke ilikuwa ikikoroma pembeni. Jioni mlango ulifungwa, na Bi Sabuni akaenda kulala roho yake imetulia.

Na asubuhi, kutu.

Haikuwa hivi zamani, ndivyo alivyojiambia. Alisahau kwamba zamani kazi ilikuwa kidogo, na ndoo ilikuwa moja kwa wiki. Alichokumbuka yeye ni kitu kimoja: kutu ilianza kuwa nyingi wifi yake alipokuja.

Wifi huyu alikuwa dada mkubwa wa mume wake. Mama yao alipofariki, mume wa Bi Sabuni alikuwa bado anatambaa, na dada ndiye aliyemlea: akamlisha, akamwogesha, akambeba mgongoni mpaka watu wakadhani ni mwanawe. Alikuwa fundi cherehani wa siku nyingi, na mkono wake kwenye kushona kola na kupachika mikono ya nguo ulikuwa hauna mpinzani. Alipofiwa na mumewe, akaja kukaa kwa mdogo wake, akaja na cherehani yake kuukuu nyeusi inayonuka mafuta. Bi Sabuni alimpokea vizuri. Kazi ilikuwa imeanza kumzidi, na fundi wa bure ndani ya nyumba si mtu wa kukataliwa.

Ila mikono! Viganja vya wifi vilitoka jasho toka alipozaliwa. Jua liwake, baridi ipige, vyenyewe vililowa tu. Akishika karatasi, inalainika. Akishika kitasa cha mlango, anayefuata anakikuta na unyevu. Mwenyewe alikuwa akilitania jambo hilo. "Nikishakusalimia mimi," alisema, "huna haja ya kunawa." Watu walicheka. Bi Sabuni naye alicheka, huku anajifuta mkono nyuma ya sketi.

Tena wifi alikuwa na mazoea ya mafundi wa zamani, ya kushika pini mdomoni. Alipanga pini midomoni, vichwa nje, ncha ndani, akawa anazichomoa moja moja na kuzichomeka kwenye kitambaa huku anaimba kwa pua. Bi Sabuni alikuwa akitazama zinavyotoka pale, zinang'aa mate, zinaingia kwenye kitambaa cheupe. Aligeukia pasi, akaibonyeza itoe mvuke, akajaribu kufikiria mambo mengine.

Angeendelea kunyamaza kama isingekuwa kazi ya hospitali. Matroni wa hospitali ya jirani alikuwa amemletea robota la kitambaa cheupe, awashonee wauguzi wote sare mpya. Akiridhika, alisema, kuna mashuka, kuna mapazia, kuna makoti ya madaktari, na kazi hiyo haitaisha leo wala kesho. Maisha yake yote Bi Sabuni alikuwa fundi wa kupunguza suruali na kutia zipu. Robota lile lilipoingia sebuleni alilizunguka kimya kimya kama mtu aliyeletewa mgeni wa heshima, halafu akaenda kunawa kabla hajaligusa.

Matroni alikuja kuona sare za kwanza. Alikuwa mama mnene, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni na macho yasiyosamehe. Aliishika sare, akaipindua, akavuta mshono, akaguna kwa kuridhika. Bi Sabuni akaanza kupumua. Kisha matroni akavaa miwani, akaisogeza kola karibu na dirisha la sebuleni.

"Hii ni nini?"

Kwenye kola palikuwa na kitone cha kahawia, kidogo kuliko punje ya mtama. Chini yake kingine. Na pale kwenye mstari wa vifungo, ambapo pini zilikuwa zimelala usiku kucha, palikuwa na vitone vinne vilivyojipanga, vina ukingo mwekundu uliosambaa kwenye nyuzi.

"Kutu tu, matroni," Bi Sabuni alisema. "Nitasugua kwa limau."

"Kutu! Wewe unasema kutu. Mgonjwa akiiona hii shingoni kwa muuguzi atasema ni damu. Atajiuliza ni ya nani na ilirukaje mpaka hapo." Akaiweka sare mezani kwa vidole viwili. "Mimi mwenyewe mwili umenisisimka."

Ndicho kilichomkata maini Bi Sabuni. Si maneno, vile vidole viwili. Katika maisha yake yeye ndiye aliyeshika vitu vya watu kwa vidole viwili. Hajawahi kushikiwa vyake hivyo. Uso ukamwaka moto, na kabla hajawaza akanyoosha mkono kuelekea mlango wa chumba cha kushonea, ambako wifi alikuwa amesimama na sinia la vifungo.

"Ni huyu, matroni! Mimi nyumba yangu safi, uliza mtaa mzima. Ni mikono ya huyu. Inatoka jasho, haikauki, kila chuma anachokigusa kinashika kutu. Na pini anaziweka mdomoni!"

Wifi aliitazama mikono yake, akatafuta mahali pa kuiweka, hakupata kwa sababu ya sinia. Vifungo vikaanza kutikisika.

"Mimi sikuja kuchagua mikono," matroni alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Nimekuja kuchagua nguo. Nitapita tena Jumamosi. Nikikuta doa, nachukua kitambaa changu natafuta fundi mwingine." Akaaga. Alipopita mlangoni alimwambia wifi, "Kwaheri mama," lakini naye, tuseme kweli, hakumpa mkono.

Kuanzia hapo Bi Sabuni hakujizuia tena. Likishatoka mdomoni, limetoka. Alikwenda dukani akarudi na glavu za mpira, zile za njano za kuoshea vyombo, akaziweka juu ya cherehani ya wifi yake.

"Utashonea hizi, wifi. Si kwa ubaya. Ni kwa ajili ya kazi yetu."

"Nitaonaje kitambaa kwa vidole, wifi?"

"Utazoea."

Wifi alizivaa. Alishona kwa glavu, kitambaa kikimteleza, sindano ikimchoma kwa sababu hakuisikia inakuja. Hakuimba. Saa za mchana alizivua ili ale, na kutoka kwenye vile vidole vya njano maji yakamwagika sakafuni, ya uvuguvugu, yenye weupe kidogo, na harufu ya mpira na ngozi iliyochemka ikajaa chumba. Vidole vyenyewe vilikuwa vimekunjamana, vimepauka mpaka kwenye kucha. Bi Sabuni alitazama mara moja tu. Alikimbia uani na mkono mdomoni, akainama kwenye karo, akatapika mpaka machozi yakamtoka. Aliporudi, wifi alikuwa amepiga magoti anafuta sakafu kwa upindo wa nguo yake.

"Acha!" Bi Sabuni alifoka. "Utazidisha. Nitaleta ndoo."

Akaleta ndoo. Mbili.

Kesho yake asubuhi kutu ilikuwa imezidi. Ilikuwa kwenye sindano, ilikuwa kwenye mguu wa cherehani unaobana kitambaa, ilikuwa ndani ya kikasha cha bobini, inapaka vidole unga mwekundu ulioingia chini ya kucha na kukaa humo. Bi Sabuni aliunusa unga ule, sijui kwa nini, akaenda kunawa tena. Basi ni nani? Mwizi hakamatwi akaendelea kuiba. Akajiambia kwamba wifi huvua glavu yeye akigeuka.

Wakati wa chakula cha jioni alimwambia mumewe bila kuzunguka. Mume wake alikuwa mtu wa ghalani, amezoea kubeba mizigo na kutobeba maneno.

"Kama unataka kazi hii iingie kwenye nyumba hii, chagua. Mimi au mikono yake."

Mume alijikuna sikio. "Dada angu huyo."

"Sikukwambia si dada yako. Nimekwambia nikila nakumbuka zile glavu. Nikilala nazikumbuka. Nimechoka, mume wangu, nitakuja kutapika utumbo."

"Sasa aende wapi?"

"Ana ufundi. Fundi halali njaa."

Mume hakujibu. Na mtu asiyejibu katika jambo kama hilo amejibu. Ukuta wa nyumba ile ulikuwa mwembamba. Upande wa pili cherehani iliyokuwa ikilia ilinyamaza, haikulia tena.

Asubuhi wifi alikuwa ameshafunga mizigo. Mwenye mkokoteni alikuwa anasubiri nje. Mume wa Bi Sabuni alimsaidia kuibeba ile cherehani nyeusi, akamfungulia mlango, akabaki amekishika kitasa. Dada yake alimgeukia.

"Nimekuogesha kwa mikono hii mpaka ukajua kujiogesha," alimwambia. "Na hukushika kutu."

Akatoka. Bi Sabuni alisikia akiwa chumbani, akajitia hamnazo. Moyoni alisikia kitu, lakini juu ya kile kitu kulikuwa na afueni kubwa, na afueni ndiyo aliyoifuata.

Siku hiyo alisafisha mpaka mgongo ukamgoma. Kila alichokigusa wifi kilioshwa kwa maji yanayochemka: kiti, meza, vitasa, kuta mpaka urefu wa mkono wa mtu. Alitupa sindano zote na pini zote. Akafungua pakiti mpya, akatia sindano mwenyewe, mikono yake mikavu imenawa mara tatu. Akazifuta cherehani, akazifunga kwenye nailoni, akafunga mlango. Chumba kilinuka sabuni mpaka kikawasha macho. Alikaa sebuleni akatabasamu peke yake.

Asubuhi aliingia kwa furaha. Pua ikakunjika.

Hakuamini. Alisimama gizani, akanusa tena, akasema kwa sauti, "Haiwezekani." Akawasha taa, akafungua kamba ya cherehani yake, akaishika nailoni kwa juu na kuivuta kwa nguvu.

Maji yakammwagikia. Yalimdondokea mkononi, yakamwingia shingoni, yakateremka mgongoni, ya baridi na ya kuteleza, na Bi Sabuni akapiga ukelele kama aliyerushiwa chura. Akaipindua nailoni. Upande wa ndani ulikuwa umejaa matone, makubwa kwa madogo, yanakutana, yanashikana, yanatiririka. Gurudumu la cherehani lilikuwa baridi na limelowa. Sindano aliyoitia jana kwa mikono yake misafi ilikuwa na pete ya kahawia shingoni.

Hakuna mtu aliyelala humu. Hakuna mtu aliyeshika kitu. Chumba chenyewe ndicho kilichotoka jasho.

Alienda dirishani, akapitisha kidole kwenye kioo, na maji yakafuata kidole mpaka kwenye mbao, ambako vile vipande vya vitambaa alivyovisukuma kwenye nyufa vilikuwa vimegeuka uji mweusi. Alipanda kwenye kigoda akashusha pakiti ya sindano za akiba aliyoificha juu ya kabati, ambayo wifi hakuwahi hata kujua kama ipo. Karatasi ilikuwa laini, imenata. Ndani sindano zilikuwa zimegandana kwa unga mwekundu. Akalisogeza kabati. Nyuma yake ukuta wote ulikuwa umeota ukungu, mweusi katikati na wa kijani pembezoni, wenye manyoya, umeenea toka sakafuni hadi kifuani pake. Uvundo ulimpiga usoni. Alikuwa amekaa na kile kitu miezi yote hii, anakila kwa pua, anakimwagilia maji kila jioni kama bustani.

Alitoka akakaa chini sebuleni, na hapo ndipo alipokiona kitakia cha wifi cha kuchomekea pini. Wifi alikisahau kwenye ukingo wa dirisha la sebuleni, dirisha lililo wazi mchana kutwa, mahali alipopenda kukaa jioni kupinda upindo. Pini zilizomo zilikuwa zilezile, za mate na za jasho. Bi Sabuni alizichomoa moja moja, akazikagua kwenye mwanga. Moja au mbili zilikuwa zimefifia. Nyingine zote zilikuwa zinang'aa.

Hakuhitaji mtu wa kumweleza. Maji aliyoyamwaga hayakuwa yanaondoka. Yalikauka sakafuni, yakapanda hewani, yakachanganyika na mvuke wa pasi na unyevu wa vitambaa vilivyotundikwa. Na hewa haikuwa na pa kutokea, kwa sababu yeye aliziba kila tundu. Usiku chuma kikapoa, ile hewa nzito ikakilalia, ikageuka maji tena. Na yeye juu ya yote akakifunika nailoni, kisije kikapata upepo. Kadiri alivyochukia uchafu ndivyo alivyomwaga maji, na kadiri alivyomwaga maji ndivyo alivyopika kutu.

Mume alipoamka alimkuta amefungua madirisha yote mawili ya chumba cha kushonea. Uvundo wa mtaro ulikuwa umeingia kwa fujo, lakini vitambaa kwenye kamba vilikuwa vinacheza, na sakafu ilikuwa imeanza kukauka kwa mabaka. Bi Sabuni alimwonyesha nailoni, akamwonyesha pakiti, akamwonyesha ukuta. Mume alitazama ukuta kwa muda mrefu.

"Basi si dada," akasema.

"Si yeye." "Nenda kamwite, mume wangu. Jumamosi ndiyo kesho kutwa, na kola zile hakuna anayeziweza kama yeye. Lakini hata kazi isingekuwepo. Kamwite."

"Mimi?" Mume alicheka kicheko kisicho na furaha. "Mimi nilimfungulia mlango atoke. Mdomo wa kumwita sina. Ulimfukuza wewe, kamrudishe wewe. Na usiporudi naye, mimi sijui tutakaaje humu ndani tukitazamana."

Alimpata mtaa wa tatu, kwenye baraza la duka la magunia, amepewa pembe ya kuweka cherehani yake. Jua lilikuwa kali na upepo ulikuwa unapita moja kwa moja toka upande huu wa barabara hadi ule. Ile cherehani nyeusi ilikuwa inang'aa mafuta, haina hata doa, na mikono ya wifi juu yake ilikuwa imelowa kama kawaida.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba." Wifi aliacha kukanyaga. Akavuta kigoda, akakifuta vumbi kwa kiganja, akasita, akakifuta tena kwa upindo wa nguo. "Karibu ukae."

Bi Sabuni alikaa. Alikuja na maneno aliyoyapanga njiani, yote yakapotea, akabaki na yale ya kweli. "Ni hewa, wifi. Haikuwa wewe. Ni maji niliyokuwa namwaga na madirisha niliyoziba. Chumba kinatoka jasho, nimeliona kwa macho yangu, limenimwagikia. Pini zako ulizoacha sebuleni zinang'aa mpaka leo." Akameza mate. "Nilikuaibisha mbele ya mgeni. Nilikuvalisha yale makitu ya njano. Nisamehe. Mdogo wako hali, halali. Turudi nyumbani, wifi yangu."

Wifi alitazama barabara, akakunja midomo, na machozi mawili yakamtoka, akayafuta kwa mgongo wa mkono. Kisha akacheka kidogo.

"Hewa!" akasema. "Mimi nimebaki hapa nalala najiuliza kama kweli ni mimi. Nikishika kijiko nakitazama." Akatikisa kichwa. "Hewa, jamani. Haya. Yamepita. Ngoja nimalize mshono huu nimuage mwenye duka." Akakikunja kile kitambaa alichokuwa anakishona, akakiweka pembeni, akaanza kukusanya nyuzi zake. Bi Sabuni alihisi kifua kinafunguka. Alitaka kulia.

"Na wewe umetembea na jua lote hili kwa miguu," wifi alisema. "Midomo imekupasuka. Kunywa maji kwanza."

Akachukua glasi, akaisuuza, akaijaza kutoka kwenye mtungi mdogo uliokuwa chini ya meza. Akamletea kwa mikono miwili, kwa heshima, vidole vyake vimeizunguka glasi kote, na kidole gumba kimekanyaga ukingo.

Bi Sabuni alipokea. Glasi ilikuwa na uvuguvugu mahali vidole vilipokuwa, na iliteleza kidogo. Alikuwa na kiu ya kufa. Alijua maji ni safi. Alijua mikono ile haina kosa lolote. Ushahidi alikuwa nao, pakiti, ukuta, pini na nailoni. Aliinua glasi mpaka kwenye mdomo. Aliona alama ya kile kidole gumba, ya duara, yenye ukungu, pale hasa midomo yake ilipotakiwa kukaa. Koo likajifunga. Akalilazimisha. Tumbo likapanda juu, mate ya chumvi yakamjaa chini ya ulimi, mabega yakamtikisika mara moja, kidogo tu.

Akaishusha glasi. "Kwa kweli sina kiu, wifi," akasema.

Wifi alikuwa anamtazama. Alikuwa ameliona lile bega. Hakukasirika, uso wake ulituama tu, polepole, mpaka ukawa mtupu.

"Kumbe haikuwa kutu, wifi," akasema.

Akaichukua glasi mkononi mwake, akayanywa yale maji yote mpaka chini, akaiweka juu ya meza. Kisha akakifungua kile kitambaa alichokuwa amekikunja, akakinyoosha chini ya sindano, akaanza kukanyaga.